Bibi Harusi Ageukia Ukuta

Gari la polisi halikuwa na mafuta asubuhi hiyo, kwa hiyo Inspekta, mama mtu mzima, aliendesha la kwake, na hilo lenyewe lilikuwa kesi nyingine. Lilikohoa kutoka kituoni mpaka mtaa wa walimu. Walipofika, hakulisimamisha mbele ya nyumba waliyoijia. Alipitiliza, akapanda mpaka juu ya mteremko, akaligeuza liangalie chini, akavuta breki ya mkono, kisha akamwonyesha koplo jiwe kando ya barabara.

"Weka chini ya gurudumu."

"Afande, nyumba tumeiacha kule chini."

"Nyumba haihitaji kuwashwa," alisema Inspekta, akateremka.

Koplo aliweka jiwe huku akicheka pembeni. Alikuwa na pikipiki mpya, kijana wa watu, na shida za gari kuukuu alikuwa akizisikia redioni tu.

Kesi waliyoijia ilionekana nyepesi. Jana jioni mshona viatu wa pale kona alikuwa akifunga sanduku lake la kazi, gari likamparamia, likamtupa mtaroni, wala halikusimama. Alikuwa hospitali mpaka sasa, hajazinduka. Dereva hakuna aliyemwona, maana jua la kuchwa lilikuwa usoni mwa kila mtu, lakini gari walilitambua wote: jeupe, mlango mmoja wa kijani. Mtaa mzima una gari moja tu la namna hiyo. Wamelipa jina Bibi Harusi, kwa sababu haliendi popote bila watu kulisindikiza kwa nyuma wakisukuma.

Mwenye gari, mwalimu wa hesabu, alikutwa kitandani ana homa. Polisi hawajamaliza hata swali, akasema, "Ni mimi." Wakamtoa kwa mlango wa mbele akiwa na kandambili miguuni. Mkuu wa kituo alifurahi kama mtu aliyeletewa chai bila kuagiza. Saa nane mchana mwalimu apandishwe kizimbani, na mshona viatu akifa, Mungu apishe mbali, shitaka litabadilika jina.

"Wewe funga jalada tu," Mkuu alikuwa amemwambia Inspekta. Lakini Inspekta hakuwa mtu wa kufunga kitu ambacho hajachungulia ndani yake.

Uwanja ulikuwa nyuma ya nyumba, nao umelala mteremko kama mtaa wenyewe. Juu, karibu na mlango wa jikoni, magurudumu yalikuwa yamechimba mifereji miwili ardhini kwa kusimama palepale siku zote, na mbele ya mfereji mmoja lilikaa jiwe, peke yake, halina cha kuzuia. Gari halikuwapo pale. Lilikuwa chini kabisa, kwenye tambarare kando ya geti, pua imekaribia kuugusa ukuta na taa moja ya mbele imevunjika. Ufunguo ulikuwa unaning'inia mahali pake.

"Mmejaribu kuliwasha?" aliuliza Inspekta.

"Hili? Afande, mtaa mzima umetuambia stata ilishakufa zamani. Tumeagiza gari la kulivuta."

Inspekta naye hakulijaribu. Alichukua ufunguo, akautia mfukoni, akaanza kutembea kutoka kwenye jiwe mpaka kwenye gari, kutoka kwenye gari mpaka kwenye jiwe. Akainama kutazama tairi. Akapanda tena juu. Koplo alimfuata kwa macho mpaka shingo ikamchoka.

"Kuna nini, afande?"

"Kuna kitu hapa kimekaa upande."

"Kipi?"

"Ningekijua ningekuwa natembea hivi?"

Waliporudi kituoni, msichana mmoja aliinuka kwenye benchi la mapokezi. Nguo zilikuwa zimemkunjamana na macho yamemvimba. Askari wa zamu alisema huyo ni binti wa mwalimu, mwanafunzi wa chuo. Alifika jana usiku moja kwa moja kutoka kwa rafiki yake, baada ya kusikia habari, na tangu hapo hajatoka kwenye benchi hilo, nyumbani hajakanyaga.

"Mama," alimwambia Inspekta, "mwachieni baba yangu. Mmekosea mtu. Niliyeendesha ni mimi."

Koplo alikuna kichwa. "Makubwa haya. Gari moja, madereva wawili."

Inspekta aliwatazama wote, na pale pale kile kitu kilichokuwa kimekaa upande kikaanza kujinyoosha. Alimwambia koplo amkalishe binti chumba cha pili, asikutane na baba yake hata kwa kikohozi, kisha akaingia kwa mwalimu.

Mwalimu alikuwa ameketi wima, mikono juu ya meza, kama anayesimamia mtihani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nilishasema yangu, mwanangu. Andika nitie sahihi."

"Nina swali moja tu. Baada ya kumgonga yule mzee, ulirudi nyumbani. Gari uliliegesha wapi?"

"Uwanjani."

"Uwanjani wapi?"

"Juu, mlangoni pa jikoni. Niliingia, nikapanda, nikaligeuza liangalie geti, nikatia jiwe."

"Una hakika?"

Mwalimu alimtazama kwa huruma, kama mwanafunzi aliyeuliza mbili na mbili. "Tangu stata ife siliweki pengine. Asubuhi natoa jiwe, linaserereka, natia gia, linawaka. Nikiliweka tambarare nitamwamsha nani alfajiri anisukumie? Majirani walishanichoka."

Inspekta alishukuru, akatoka, akaingia chumba cha pili. Hata kukaa hakukaa.

"Uliliegesha wapi?"

"Juu, kwenye mteremko," alijibu binti. "Nikaligeuza kuelekea getini. Nikaweka jiwe."

"Kwa nini pale?"

"Mama, hilo gari nimelisukuma tangu nikivaa sare za shule ya msingi. Nitaliweka wapi tena?"

Inspekta alipiga viganja pamoja, binti akashtuka. "Mnadanganya nyote wawili," alisema, na tabasamu lilikuwa limemjaa uso, "na sijawahi kufurahishwa na uongo namna hii."

Kwenye korido alimshika koplo mkono wa shati.

"Umeliona lile gari lilivyokaa?"

"Limeelekea ukutani."

"Kwenye tambarare. Kulitoa pale kunataka wanaume wa kulivuta kinyumenyume, halafu walisukume tena mbele ndipo liwake. Sasa wewe una pikipiki, hujui. Mwenye gari bovu haegeshi tu, anapanga safari ya kesho. Mimi leo nimekupandisha kilima chote kwa nini?"

Koplo alifikiri. Hakuwa mjinga. "Lakini afande, mtu kamgonga mwenzake, kachanganyikiwa. Anaingia mbio, anatupa gari popote."

"Ukichanganyikiwa, akili inaondoka. Mikono inabaki, na mikono inafanya ilichozoea. Mikono ya Mwalimu ingelipandisha juu hata angekuwa analia. Ya binti vilevile. Aliyeliacha pale chini mikono yake ina mazoea mengine."

Sasa alimtoa binti, akamweka mbele ya baba yake, akaufunga mlango.

"Haya. Mchezo umekwisha. Mwalimu, kwa nini ulisema ni wewe?"

Mwalimu alimwona mwanawe, na ule uwima wake wote ukamtoka. Alisema gari lilikuwa gereji tangu jana asubuhi, mpira wa rejeta ulipasuka njiani, mara ya ngapi sijui. Alasiri homa ilimzidi, akamtuma binti akalichukue. Jua linazama, akiwa kitandani, alisikia mlio wa Bibi Harusi ukiingia uwanjani. Akajua mtoto amerudi salama. Baadaye kidogo polisi wakabisha.

"Sasa ningesema nini?" aliuliza Mwalimu.

"Lakini mimi sikulichukua, baba," alisema binti. "Nilifika gereji, fundi akaniambia bado, rudi kesho. Nikaenda kusoma kwa rafiki yangu. Niliposikia umekamatwa, nikajua umejikongoja mwenyewe ukalichukua."

Inspekta alitazama saa ya ukutani, akatazama koti lake, akalichukua.

Gereji ilikuwa kona tatu mbele, imeezekwa mabati, ardhi nyeusi kwa oili. Fundi wake mtaa mzima ulimwita Daktari, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alitoka chini ya gari akijifuta mikono, meno yote nje.

"Karibu, mama. Hilo lako nimelisikia tangu mbali. Plagi hizo."

"Plagi baadaye. Nieleze habari za Bibi Harusi."

Daktari alitikisa kichwa kwa masikitiko. Habari alikuwa nazo. Binti alikuja alasiri, akalichukua, akaondoka nalo. "Mimi mwenyewe nilimsukumia mpaka pale kwenye kibanda cha maji, likawaka, akapunga mkono. Ningejua litaenda kuua mtu, wallahi nisingelisukuma."

"Hajafa," alisema Inspekta. "Umsukumie kwa nini?"

"Stata, mama. Ile ni maiti. Nilishamwambia Mwalimu atafute nyingine, hasikii. Mimi nimebadilisha mpira wa rejeta tu, stata hata kuigusa sijaigusa."

Koplo alimtazama Inspekta. Habari ilinyooka. Binti ndiye aliyetajwa, binti ndiye aliyekiri, na saa nane ilikuwa inakaribia. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Inspekta alionekana amechoka. Akageuka kuondoka, asijue aondoke na nini.

Hapo ndipo alipoyaona magari yenyewe.

Gereji ile ilikuwa na safu mbili. Kwenye mwinuko, mengine yalipangwa pua zikiangalia barabarani, kila moja na jiwe lake. Na chini, kwenye tambarare, mengine yamepangwa pua ukutani, yamebanana, la mwisho likiwa pikapu la bluu.

"Daktari," aliuliza taratibu, "mbona haya umeyapanga hivi na yale vile?"

Fundi alicheka. Swali la kazi yake lilimpendeza. "Huo ndio utaratibu wangu, mama. Linaloingia bovu linakaa juu, tuweze kulisukuma. Likishapona, linashuka huku ukutani. Nikiona gari limegeukia ukuta, hata sikumbuki lilikuwa na nini. Najua linawaka kwa ufunguo."

"Huchanganyi?"

"Mikono ilishazoea. Hata nikiwa usingizini."

Koplo alifungua mdomo. Inspekta alimkanyaga mguu, akaendelea kutabasamu.

"Na hili pikapu la bluu?"

"La muuza mbao. Limepona siku nyingi, linamngoja mwenyewe arudi safari."

"Hebu liwashe nisikie injini iliyopona inalia vipi, nimesahau."

"Ah, betri nimeichomoa, mama," alisema Daktari, na mkono wake ukaenda shingoni.

"Basi, si neno. Nikuombe kitu kimoja. Gari la kuvuta limechelewa, na Bibi Harusi yuko uwanjani kwa Mwalimu, tunataka kumtoa. Wewe unamjua kuliko sisi. Twende utusaidie kusukuma."

Daktari alisita kidogo. Lakini angekataaje, na kusukuma gari lile ndiyo habari aliyotoka kuisimulia? Alivua ovaroli, akaja. Na kwa kuwa gari la Inspekta nalo lilikataa kuwaka, alianza kwa kusukuma hilo.

Njiani Inspekta alipiga simu kituoni, Mwalimu na binti yake waletwe uwanjani kwao, sasa hivi, kwa teksi kama ni lazima. Alikuwa akiongea haraka kiasi kwamba askari wa zamu alimwomba arudie. Walipofika aliingiza gari moja kwa moja, akalisimamisha hapo chini getini, akazima, akaruka nje.

Mwalimu naye alikuwa ndiyo kwanza anaingia getini, pingu mkononi, kandambili miguuni. Alipoliona gari lake lilipo, alisimama ghafla.

"Nani kaliweka pale?" aliuliza.

"Hilo swali ndilo nimelingoja tangu asubuhi," alisema Inspekta. Akatoa ufunguo mfukoni, akamrushia koplo. Daktari alikuwa ameshazunguka nyuma ya gari na kuweka mikono tayari.

"Ingia, koplo. Tia gia huru. Usingoje kusukumwa. Washa."

"Afande, stata yake si—"

"Washa."

Koplo alizungusha ufunguo. Bibi Harusi akawaka. Hakukohoa wala hakusita, aliwaka mara moja, akakaa ananguruma kwa raha zake, moshi ukimpiga Daktari magotini. Binti alishika kichwa kwa mikono miwili. Mikono ya fundi ilibaki imelishika gari ambalo halikumhitaji.

"Zima," alisema Inspekta. Hakuificha furaha yake. "Daktari, umeniambia jana umelisukuma mpaka kwenye kibanda cha maji. Gari linalowaka hivi ulilisukumia nini?"

"Labda... labda limejitibu lenyewe, mama. Magari haya..."

"Fungua boneti."

Hakuifungua. Aliifungua Inspekta mwenyewe, akainama na tochi. Ndani mlikuwa na injini nyeusi iliyojaa vumbi na mafuta ya miaka, na katikati ya uchafu ule stata safi, yenye madoa ya rangi ya bluu pembeni, pale aliyepaka rangi alipopitisha mkono ovyo.

"Koplo, umeona rangi hii leo?"

"Kwenye pikapu la muuza mbao, afande."

"Nikienda sasa hivi nikifungua lile pikapu, nitakuta stata yake?"

Daktari aliketi pale pale chini. Hakupigwa wala hakutishwa. Alisema shemeji yake alikuwa na mizigo ya kupeleka stendi, na kati ya magari yaliyopona hapakuwa na la kuazima bila mwenyewe kujua. Pikapu la muuza mbao kila mtu angelitambua na kumwambia mwenyewe. La Mwalimu nani angeuliza? Likionekana njiani watajua ni Mwalimu. Ila asingeweza kwenda stendi akilisukuma, kwa hiyo akahamisha stata ya pikapu, kwa jioni moja tu, kesho airudishe. Binti alipokuja akamwambia bado. Wakati wa kurudi, jua likampiga machoni pale kona.

"Nikasikia kishindo," alisema. "Sikujua nifanye nini. Nikalileta kwa mwenyewe."

"Ukaliegesha kama gari lililopona," alisema Inspekta. "Watu wote wa mtaa huu, polisi ndani yake, na mimi mwenyewe, hakuna aliyethubutu hata kuzungusha ufunguo, kwa sababu tunajua haliwaki. Wa kuliamini alikuwa mtu mmoja tu. Aliyelitengeneza."

Pingu zilihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Simu ya koplo ililia: hospitali. Alisikiliza, akasema, "Mshona viatu amefumbua macho. Anauliza sanduku lake liko wapi." Binti ndiye aliyelia.

Mwalimu alikuwa bado analitazama gari lake. Alilizunguka, akaligusa bodi, kisha akamgeukia Inspekta kwa aibu kidogo.

"Naweza kuliwasha mara moja tu? Mimi mwenyewe?"

"Ni kielelezo, Mwalimu. Linakwenda kituoni."

"Miaka yote hii namwomba Mungu liwake kwa ufunguo. Limewaka, ndipo mnalichukua?"

"Na stata si yako. Itarudi kwa muuza mbao."

Mwalimu aliangua kicheko, cha kweli, mpaka homa ikamkumbusha ipo, akakohoa. Koplo alimpakia Daktari kiti cha nyuma, akawasha, akarudi kinyumenyume kwa mbwembwe, na Bibi Harusi akatoka getini bila hata mtu mmoja wa kumsindikiza. Jirani mmoja alisimama na ndoo yake mkononi mpaka gari likapotea.

Inspekta aliingia kwenye gari lake kumfuata. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Ndipo alipotazama mbele, akaona ukuta. Kwa mchecheto wake wote alikuwa ameliweka pale pale tambarare, pua ukutani, yeye mwenyewe, aliyetoa somo lile tangu asubuhi.

Mwalimu aliona. Alivua kandambili, akaziweka kando, akaenda mbele ya boneti. Binti akaenda upande wake. Walilisukuma gari lirudi nyuma taratibu mpaka lilipopata nafasi, Inspekta akakata usukani liangalie geti, wakazunguka nyuma, bega kwa bega, wakashika.

"Baba," alisema binti, hajaanza kusukuma, "ulidhani kweli ningemgonga mtu nimwache mtaroni?"

Inspekta, kwenye kioo, aliwaona wote wawili. Mwalimu alikaa na swali lile muda mrefu kuliko maswali yote ya siku hiyo.

"Na wewe ulidhani mimi ningemwacha?"

Binti alimtazama baba yake, akamwondolea jani lililomnata begani.

"Usiegemee, baba, una homa," alisema. "Nitasukuma mimi."

"Tutasukuma wote."

Wakasukuma.